Bashrafu ya Broadway

Msikilizaji, leo sina siasa, sina bei ya mchele, wala sitagusa habari ya boti za kwenda Dar. Leo nataka nikusimulie kitu nilichonunua, na kazi niliyojipa usiku tangu nikinunue, kazi ambayo mke wangu ameipa jina: wazimu wa uzeeni.

Nimenunua kompyuta mpakato. Wengi tunasema laptopu, na mimi sina ugomvi na hilo, lakini sikiliza utamu wa neno mpakato. Aliyelibuni bila shaka amelea. Kinachopakatwa ni mtoto. Basi jioni ya kwanza nimekaa barazani na kikoi changu, kompyuta nimeipakata, joto lake linapenya mpaka mapajani, na ndani yake kuna feni inayopumua polepole kama mtoto aliyeshiba uji. Mke wangu akapita na birika la chai, akatutazama wawili, akaniuliza kwa sauti ya chini: "Keshalala?"

Ile ya zamani sitaki kuisema vibaya, maana imenitumikia miaka tisa. Lakini betri yake ilikuwa haikai dakika kumi, na kitufe cha herufi "a" kilikuwa kimeng'oka kabisa. Wewe jaribu siku moja kuandika Kiswahili bila "a". Hata jina la kisiwa chetu huliandiki.

Hii mpya inawaka kabla sijamaliza kuvaa miwani. Ina nafasi ya gigabaiti 512, skrini haina vumbi, haina alama ya kidole hata kimoja, na siku mbili za mwanzo nilikuwa nanawa mikono kabla ya kuigusa. Ila nilipofika nayo nyumbani, nikaizungusha huku na huku, nikaipindua juu chini, nikagundua haina mdomo. Hakuna pahala pa kutilia sidii! Nikarudi kwa muuzaji. Kijana mwenye adabu, akaniambia, "Mzee wangu, sidii nani anatumia siku hizi?"

Mimi hapa. Ninazo 63, ndani ya sanduku la bati chini ya kitanda.

Nikanunua kisomeo cha pembeni, kidude chembamba cha kuchomeka kwa waya wa USB, na kazi ikaanza. Sasa lazima nikwambie zile sidii ni za nini. Miaka ya 1990 nilikaa London kikazi, na kila Jumamosi nilikuwa na mzunguko wangu wa maduka ya sidii za mitumba. Wenzangu walikuwa wakitafuta reggae na rumba. Mimi nilikuwa nikitafuta kitu ambacho hata leo nikikitaja kwa marafiki wanacheka: nyimbo za michezo ya jukwaani, ile michezo ambayo watu wanazungumza, wanagombana, halafu ghafla wanaimba. Waingereza wana mtaa wao wa michezo hiyo, West End. Lakini makao yake makuu ni Broadway, New York, majumba 41 ya michezo katikati ya kisiwa cha Manhattan, ambayo mengi yake, ukiyafuata kwa miguu, wala hayapo kwenye barabara ya Broadway yenyewe. Yamejibanza kwenye mitaa ya ubavuni.

Mpwa wangu alikuja usiku wa pili. Shikamoo mjomba, marahaba mwanangu, akakaa, akanitazama nikilisha sidii moja baada ya moja. Akasema, "Mjomba, unajitesa bure. Nyimbo hizi zote zipo mtandaoni. Unabonyeza tu." Nikamwambia, bando likiisha nabonyeza nini? Akacheka. Akachukua simu yake, akautafuta mchezo wa West Side Story, akaubonyeza, na simu, kwa kuwa ilikuwa imewekwa kwenye mchanganyo, ikaanza kupiga wimbo wa mwisho mwisho. Kijana keshauawa, watu wamesimama na maiti yake. Wimbo uliofuata, kijana yuleyule yuko kwenye dansi ndio kwanza anamwona binti. Wa tatu, wanafunga ndoa ya kuigiza kwenye duka la nguo.

"Unaona?" nikamwambia. "Hapo umezika, umechumbia, halafu umeoza."

Na hiyo ndiyo hoja yangu yote ya leo, msikilizaji, ingawa itanichukua muda kuimaliza. Wimbo wa mchezo una kwao. Una aliyekuja kabla yake na atakayefuata baada yake. Ukiung'oa unaweza kupendeza, hata ukapigwa arusini, lakini unakuwa kama methali iliyosemwa pasipo kisa: maneno unayasikia, ila hujui nani kapigwa kijembe.

Nilidhani kompyuta ingelielewa hilo. Wapi! Sidii ya kwanza niliyoiingiza ilikuwa My Fair Lady, ile ya waigizaji wa kwanza ya 1956. Programu ya muziki ikazimeza nyimbo zote vizuri, ikanishukuru, na nilipokwenda kuitafuta albamu nikakuta hakuna albamu. Kuna folda ya Rex Harrison. Kuna folda ya Julie Andrews. Kuna folda ya Stanley Holloway. Kuna folda ya Rex Harrison na Julie Andrews pamoja. Mchezo mzima umegawiwa kama mirathi iliyopita kwa kadhi mwenye haraka. Sababu ni kwamba programu inapanga kwa jina la mwimbaji, na kwenye mchezo kila wimbo una mwimbaji wake. Dawa yake, nilikuja kuigundua saa sita za usiku, ni kijisanduku kimoja kimejificha kwenye maelezo ya faili, kinachotaka jina la msanii wa albamu nzima. Ukikijaza kwa maneno mamoja kwenye kila wimbo, familia inarudi nyumba moja. Basi nikawa naandika, wimbo baada ya wimbo: Waigizaji wa Kwanza, New York, 1956. Waigizaji wa Kwanza, New York, 1956. Herufi "a" zote zinafanya kazi.

Kwa wanaopenda hesabu: sauti ya sidii ikichukuliwa nzima kama ilivyo inakula kama megabaiti kumi kwa dakika moja. MP3 ni nyepesi zaidi, lakini inafika wepesi huo kwa kutupa vitu inavyodhani sikio halitavijua. Mimi nimechagua FLAC, inayoukunja muziki ukawa karibu nusu ya uzito bila kutupa hata nukta. Sidii zote 63 hazikufika hata gigabaiti 30. Sanduku zima la bati, ambalo nimelibeba kwenye ndege na nimelilipia uzito, sasa limekaa kwenye kona ya diski na kompyuta haijashtuka.

Nikirudi kwenye muziki wenyewe. Siku hizi tukisema albamu tunamaanisha nyimbo kumi na kitu za msanii mmoja. Zamani albamu ilikuwa kitabu, na namaanisha kitabu cha kufungua, chenye kurasa za mifuko ya karatasi, na kila mfuko una santuri. Mwaka 1943, Machi 31, ulifunguliwa mchezo Oklahoma! wa Richard Rodgers na Oscar Hammerstein. Watu walizoea pazia likifunguka waone wasichana wamejipanga mstari wakirusha miguu. Pazia likafunguka. Jukwaani kuna mama mtu mzima, peke yake, anasukasuka maziwa apate siagi. Hakuna anayecheza. Kisha kutoka nje ya jukwaa ikasikika sauti ya mwanamume inaimba, bila ala, juu ya asubuhi njema. Mchezo huo ukakaa Broadway maonyesho 2,212.

Kampuni ya Decca ikataka kuurekodi kwa waimbaji walewale na wanamuziki walewale wa jukwaani, jambo ambalo Marekani halikuwa la kawaida. Lakini wanamuziki wa nchi nzima walikuwa wamegoma kurekodi tangu 1942 wakidai haki zao, na Decca ilipatana nao Septemba 1943. Ndiyo maana mchezo wa Machi ulirekodiwa Oktoba. Zikatoka santuri sita ndani ya kitabu kimoja. Na kila upande wa santuri ulikuwa na kipimo chake: dakika tatu, tatu na kitu. Ukizidi, sindano imefika katikati, kwaheri. Nyimbo zikakatwa zienee.

Hapo nikasimamisha kompyuta nikakaa kimya, kwa sababu kisa hicho sisi tunakijua. Mwaka 1928 Siti binti Saad aliondoka hapa Unguja kwenda Bombay kurekodiwa, na mlango aliopitishwa yeye na sauti yake ulikuwa uleule wa dakika tatu. Taarabu ambayo usiku ilikuwa ikinyooshwa, ubeti ukirudiwa kwa kadiri ya watu walivyotunza, ikabidi ijikunje ndani ya santuri. Nani ajuaye nini kilibaki nje? Nikisikiliza Oklahoma! ya 1943, na nikisikiliza santuri za Siti, nasikia waimbaji wawili wa mabara mawili wote wanaitazama saa.

Santuri ya muda mrefu ilipotoka 1948, yenye zaidi ya dakika ishirini kila upande, mchezo ukapata nafasi ya kunyoosha miguu. Na hapa narudi kwa My Fair Lady, kipenzi changu, msinilaumu. Goddard Lieberson wa Columbia Records aliupenda mchezo huo kabla haujawa na pazia, akawashawishi wakubwa zake wa CBS walipie gharama zote za kuuweka jukwaani. Ukafunguliwa Machi 15, 1956. Jumapili ya Machi 25, siku ya mapumziko ya waigizaji, wakaingia studio ya barabara ya 30, iliyokuwa kanisa zamani, dari liko juu, sauti inapanda na kurudi. Ukumbi huohuo ndimo Miles Davis alimorekodia albamu yake ya Kind of Blue miaka mitatu baadaye. Nilipovaa visikilizio nikaweka faili ile ya FLAC, nilisikia chumba. Sisemi nilisikia muziki, huo nilikuwa naujua. Nilisikia chumba: ule muda mdogo baada ya zumari kunyamaza na kabla ukuta haujalisahau.

Halafu anaingia Rex Harrison. Rex Harrison hakuwa mwimbaji, na yeye mwenyewe alilijua hilo. Anayasema maneno juu ya muziki, anayavuta pale, anayakata hapa, anaiacha sauti ipande nusu ngazi halafu anajizuia. Wazungu wameandika mengi kuieleza namna ile. Wangekuwa na Kiswahili lingewatosha neno moja: anaghani. Kaulize mtu yeyote aliyewahi kumsikia mshairi mzuri akighani shairi lake, atakwambia kuimba ni kitu kingine na kusoma ni kitu kingine. Profesa Higgins wake wa My Fair Lady ni mghani aliyevaa suti.

Mpwa wangu alivumilia mpaka hapo. Ila nilipoweka sidii nyingine na yakaanza yale mapigo ya mwanzo ya ala tupu, kabla hajaimba mtu, akanyoosha mkono aruke. "Mjomba, hii haina maneno." Nikamshika mkono. Nikamwuliza, ukienda kuwasikiliza wanataarabu wetu wa Ikhwani Safaa, wakaanza na bashrafu, fidla, ganuni na akodioni zinazungumza zenyewe, utasimama mbele za watu useme haina maneno? Akasema hapana, ile ni bashrafu. Nikamwambia, na hii ndiyo yao. Watu wanatafuta viti, mama anafungua peremende, na ala zinakuonjesha kidogo kidogo baadhi ya nyimbo utakazosikia usiku ule, ili zikija uwe umeshazizoea. Akatulia. Hakuipenda, lakini akatulia.

Kitu ambacho kompyuta imenipa na sanduku la bati lisingenipa ni kuweka vitu kando kwa kando. Mfano ni mwimbaji Paul Robeson. Mchezo wa Show Boat ulifunguliwa New York Desemba 27, 1927, muziki wa Jerome Kern, maneno ya Hammerstein yuleyule. Sehemu ya Joe, hamali mweusi wa gati za mto Mississippi, waliiandika wakimfikiria Robeson, ingawa aliyeifungua alikuwa mwingine, Jules Bledsoe. Robeson aliicheza London mwaka 1928, na mwaka huohuo, ule wa Siti, akautia wimbo wa Joe, Ol' Man River, kwenye santuri. Ninayo hiyo. Ninayo ya filamu ya 1936. Ninayo ya tamasha la miaka ya baadaye. Nimezipanga safu moja kwenye skrini, nikazisikiliza zikifuatana. Katika ya kwanza hamali amechoka na mto unampita tu. Katika ya mwisho sauti ni ileile, nzito kama nanga, lakini maneno ameyageuza mwenyewe: hamali hachoki tena, anaapa kupigana. Hakuomba ruhusa. Mtunzi aliandika mtu aliyekata tamaa, na mwimbaji akamfufua.

Na huyo Robeson, msikilizaji, alikisoma Kiswahili. Miaka ya 1930 alijiandikisha katika Chuo cha Masomo ya Mashariki kulekule London kusoma lugha za Kiafrika, Kiswahili kikiwamo. Mwaka 1935 alitoka katika filamu Sanders of the River, na kati ya waliosimama nyuma yake kama watu wa kujaza picha alikuwamo Mkenya mmoja aliyekuwa akiishi London, Jomo Kenyatta. Filamu yenyewe iliusifu ukoloni na Robeson aliikana baadaye. Mimi nimeiacha nje ya mkusanyiko wangu. Kompyuta ni yangu.

Najua unachosubiri. Unasubiri Simba. Haya, The Lion King imo, lakini si ya filamu ya 1994, ambayo Elton John ameipaka sukari nyingi kwa ulimi wangu. Ninayo ya jukwaani, iliyofunguliwa Broadway Novemba 13, 1997, ambamo Lebo M wa Afrika Kusini alipewa nafasi ya kuimbisha kwaya kwelikweli. Julie Taymor, aliyeiongoza, aliona hadithi imejaa madume matupu, akamfanya nyani mganga, Rafiki, awe mwanamke, na nafasi hiyo akaiimba Tsidii Le Loka. New York watu walishangaa kidogo. Sisi tungeshangaa nini? Rafiki ni rafiki, neno halina jinsia. Ila kuna raha nyingine ambayo mtazamaji wa New York hawezi kuipata hata alipe kiti cha mbele. Yeye anasikia majina, sisi tunasikia maneno. Mama yake Simba anaitwa Sarabi, yaani mazigazi, maji ya jangwani yasiyokuwepo. Ngiri anaitwa Pumbaa, na amepumbaa kweli. Na fisi jike wakamwita Shenzi! Mtu ajaribu kumwita mtu hivyo pale sokoni Darajani, halafu aje anisimulie.

Karibu yake nimeiweka Sarafina!, ya Mbongeni Ngema, watoto wa shule wa Soweto wa 1976. Wengi wetu tuliijua kwa filamu ya 1992, kwenye mikanda ya video iliyochoka mpaka picha inakimbia. Kabla ya hapo ilikuwa jukwaani, na Januari 1988 iliingia Broadway, katika jumba la Cort. Ukienda leo hutaliona jina hilo mlangoni. Tangu 2022 jumba linaitwa James Earl Jones, kwa jina la mwigizaji ambaye katika filamu ya The Lion King ndiye aliyekuwa sauti ya Mufasa, baba yake Simba. Niliposoma hivyo nikazisogeza folda mbili zile zikakaa jirani. Mpangilio wa herufi umeharibika, lakini wenyewe wanajuana.

Juzi umeme ulizimika saa tatu za usiku. Mtaa wote giza, majirani wametoka vibarazani, na pale kwangu kuna mwanga mdogo wa skrini na betri mpya yenye asilimia 81. Nikachomoa visikilizio nikaacha sauti itoke. Watoto wakasogea. Jirani mmoja, mama wa makamo, akauliza ni taarabu ya wapi hii. Nikasema ya New York. Akasikiliza kidogo, akasema, "Fidla zao wanazijua," akavuta kigoda.

Sasa naona fundi mitambo ananionyesha saa, na nimemwahidi atawapigia kitu kabla ya taarifa ya habari. Ananipungia kwamba muda ni mdogo, aanzie kwenye wimbo wa tano, ule unaojulikana. Hapana, bwana fundi. Rudisha nyuma. Anzia namba moja, ile isiyokuwa na maneno.